Malindi–Lamu ni Dakika 30? Za Nani?

Wadau, leo sina video. Leo naandika, na nitaandika mrefu, kwa hivyo kama uko mbioni hifadhi usome usiku.

Kuna sentensi moja nataka tuizike. Mumeiona kwenye matangazo ya hoteli. Mumeisikia kwa wale ndugu zetu wa biashara ya watalii. Mumeisikia kwa wanasiasa, hasa uchaguzi ukikaribia. Na mumeiona, hapa ndipo panaponiuma, kwenye ukurasa wangu mimi mwenyewe: "Lamu ni dakika 30 tu kutoka Malindi."

Niliisema nikicheka, nimevaa miwani, ndege imesimama nyuma yangu. Hoteli moja ilinilipia tiketi ili nipige video. Ile video ilienda vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Watu wa Nairobi waliisambaza. Mpaka leo iko. Nitaeleza mwishoni kwa nini sijaifuta.

Kwanza niweke hesabu mezani, kwa sababu najua kuna mtu atakuja na kalkuleta. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini kugawanya najua.

Kutoka uwanja wa ndege wa Malindi hadi uwanja wa Manda, Lamu, ukipita moja kwa moja angani ni kama kilomita 140. Ndege ndogo zinazotumika kwa safari hizi huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya: dakika 28. Ongeza kupaa na kutua, ni nusu saa na kidogo. Kwa hivyo namba si ya uongo. Rubani hakudanganya, na mimi kwenye video sikudanganya. Ndiyo maana namba hii ni hatari. Ingekuwa ya uongo tungeshaikataa zamani.

Sasa niwaambie ilichonifanyia.

Mwaka jana nyanya yangu, mamake mamangu, alifariki Lamu. Simu ya mjomba ililia kabla ya saa 11 alfajiri. Hakuzungusha maneno: "Mwanangu, nyanyako ametutoka. Tutamswalia baada ya adhuhuri. Mwambie mamako. Ndoo naye, lakini maiti hangoji."

Wale ambao si Waislamu niwaeleze kidogo. Kwetu maiti hawekwi. Akifariki usiku, mchana anazikwa. Wanaume ndio huenda makaburini, na wanawake ndio humkosha maiti mwanamke na kumvisha sanda. Binti kumkosha mamake ni haki yake na ni heshima ya mwisho. Hakuna mara ya pili.

Mamangu hakulia pale pale. Alijifunga leso, akachukua mkoba, akasema, "Nipeleke steji nipande basi la Lamu."

Na mimi, mtoto wake msomi nusu, nikamwambia: "Mama, basi la nini? Tulia. Ndege ni dakika 30. Hata tukiondoka saa 4 tutawahi."

Akaniamini. Kwani video hakuiona? Aliiona, na aliwatumia shoga zake wote.

Nikakaa na simu. Alfajiri ile hakuna aliyepokea. Saa 2 watu wakaanza kupokea. Wa kwanza akasema ndege ya moja kwa moja siku hiyo haipo, labda kesho kutwa. Wa pili akaniambia inawezekana, lakini tupande ya Nairobi kwanza, tungoje pale, halafu tupande ya kwenda Lamu. Tungefika alasiri. Nikauliza bei ya watu wawili. Nikanyamaza. Mama alikuwa ananitazama.

Hebu tazameni ramani muone nilichokuwa naambiwa. Malindi hadi Nairobi angani ni zaidi ya kilomita 400. Nairobi hadi Manda ni kama 450. Yaani ningesafiri zaidi ya kilomita 850 kufika mahali palipo kilomita 140 kutoka kitandani kwangu. Ni kama mtu wa Maweni kumwambia aende Muyeye kupitia Kilifi.

Nilipokata simu ilikuwa saa 3 na nusu. Basi la asubuhi lilikuwa limeshapita. Tukachukua matatu ya Garsen. Sabaki, Mambrui, Gongoni, mashamba ya chumvi yanang'aa nje na hakuna anayezungumza. Garsen tukangoja gari lijae. Mjomba alipiga tena tukiwa Witu. Hakuuliza tuko wapi. Alisema tu, "Tushamstiri." Mama akanirudishia simu, akageuka dirishani.

Mokowe tulifika saa 9. Bado boti. Tulipoingia nyumbani, shangazi zangu walikuwa wamemaliza kila kitu tangu asubuhi. Kitanda kilikuwa kimeshaanikwa nje.

Kama mama angepanda basi saa ile alipotaka yeye, angefika. Huenda angewahi kumkosha, angalau angemuona uso. Hakuchelewa kwa sababu ya barabara. Alicheleweshwa na dakika 30 zangu.

Basi sasa nina haki ya kusema, na nitasema.

Jambo la kwanza: muda wa ndege angani si umbali. Ni kipande kimoja tu cha safari, na ndicho kipande kifupi kuliko vyote. Hesabu mlango kwa mlango. Utoke nyumbani na tuktuk hadi uwanjani. Ufike mapema ukaguliwe. Ungoje, maana ndege ndogo hukawia kwa mvua, kwa upepo, kwa abiria mmoja. Upae. Utue Manda. Na Manda, kwa taarifa ya wasiojua, ni kisiwa, si mji wa Lamu. Bado ushuke gatini, upande boti, uvuke mkondo, ndipo uguse Amu. Siku mambo yakienda sawa kabisa, zile dakika 30 zimeshakuwa saa 2 na zaidi.

Jambo la pili, na hili ndilo hakuna anayelitaja: kungoja nako ni umbali. Ndege ikiondoka mara 1 kwa siku, na shida inaweza kukupata saa yoyote, basi kwa wastani utangoja saa 12 kabla hujapanda. Ikiwa inaondoka mara 3 kwa wiki kwa mpangilio wa sawasawa, wastani ni saa 28. Hiyo ni hesabu ya darasa la 6. Kwa mtalii haina maana, kwa sababu mtalii huchagua tarehe miezi mitatu kabla. Kwake kungoja ni sifuri. Lakini kifo hakina tarehe. Uchungu wa mama mjamzito hauna tarehe. Mtu akianguka na kiharusi Lamu, akahitaji kuletwa Malindi au Coast General kule Mombasa, hawezi kuambiwa "njoo Jumatano."

Kwa hivyo ile sentensi "Lamu ni dakika 30" ina watu wawili wanaoisikia. Mmoja anasikia dakika 30. Mwingine anapaswa kusikia saa 12 na dakika 30, lakini hakuna anayemwambia, mpaka siku ya shida.

Jambo la tatu ni pesa, na sitazunguka. Kwa mtu asiye na nauli, mahali hapako karibu wala mbali. Hapako tu. Nauli ya ndege ni mara kadhaa ya nauli ya basi, na watu wengi ninaowajua mimi hulihesabu hata hilo basi mara mbili kabla ya kupanda. Sasa mnaposema "ni dakika 30", mnataja muda wa mtu mwenye pesa kana kwamba ni sifa ya ardhi. Kana kwamba Mungu ndiye aliyeiweka Lamu pale, dakika 30, kwa kila mtu.

Tuangalie barabara basi, kwa sababu ndiyo Lamu ya wengi wetu. Malindi hadi Mokowe ni kama kilomita 220. Angani 140, ardhini 220. Ziada hiyo inatoka wapi? Ardhini huwezi kufuata ndege. Lazima upande juu hadi Minjila na Garsen, uvuke Tana, ndipo ushuke Gamba, Witu, Hindi, hadi Mokowe. Na barabara hiyo ilibaki vumbi na tope zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru wa 1963. Lami imekuja juzi, wakati bandari mpya ya Lamu inajengwa. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Sisi tunashukuru lami, lakini tusijidanganye ilikuja kumfuata nani.

Na hata ikiwa na lami, wenzetu wa Lamu wanajua. Juni 2014 Mpeketoni ilivamiwa, na katika mashambulizi ya siku zile watu zaidi ya 60 wakauawa. Baada ya hapo usafiri wa usiku ukapigwa marufuku na mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi. Fikiria safari ambayo urefu wake unategemea msafara wa askari umeondoka saa ngapi. Halafu mvua za mwisho wa 2023 na zile za 2024 zikaja, maji ya Tana yakapanda barabarani upande wa Gamba na Lango la Simba, watu wakakwama. Wiki hizo uliza mtu wa Witu Malindi iko mbali kiasi gani. Hakukujibu kwa kilomita.

Wazee wetu hawakujibu kwa kilomita vilevile. Sisi Malindi tuna nguzo ya Vasco da Gama, kila mtoto wa shule amepelekwa pale, kila mtalii amepiga picha pale. Lakini wangapi tumefikiria hesabu yake? Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na mwongozaji aliyepewa hapa hapa, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut, India. Siku 26. Kurudi, akaondoka Oktoba bila kujali upepo. Alifika Malindi Januari 1499, karibu miezi 3 baadaye, mabaharia wake wengi wamekufa kwa ugonjwa wa fizi. Bahari ni ile ile. Mwongozaji wa pwani hii alijua kitu ambacho mgeni hakukijua: safari haipimwi kwa urefu wa maji, inapimwa kwa upepo utakaoupata. Kusi ikivuma unaenda, kaskazi ikivuma unarudi. Ukikosa msimu, unakaa.

Ndege nayo ina msimu wake siku hizi. Watalii wakija ratiba hujaa, wakiondoka hupungua. Tofauti ni kwamba kusi na kaskazi hazikuwahi kuuliza una kiasi gani mfukoni.

Sasa najua majibu yatakayokuja, niyajibu mapema.

Kuna atakayesema: "Wewe kijana unafukuza watalii. Unakula kwa utalii halafu unautukana." Kweli, nakula kwa utalii. Mjomba wangu mwingine ni beach boy mstaafu, binamu yangu anapika kwa Mtaliano, mimi mwenyewe nalipwa kuonyesha mabwawa ya kuogelea nisiyoogelea. Korona ilipofunga anga mwaka 2020 niliona Malindi ikilala njaa. Sipingi ndege. Ndege ije, ijaze, ishuke, ipande. Ninachopinga ni ndege kufanywa jibu la swali ambalo haikuulizwa. Mtu wa Marereni akilalamika usafiri, asijibiwe "tunapanua uwanja."

Na hapo ndipo tulipo. Kwa miaka mingi hadithi ya Malindi imekuwa uwanja wa kimataifa. Njia ya kurukia ni kama kilomita 1.4, wanataka irefushwe ifike 2.5 ili ndege kubwa zitue. Wenye mashamba ya jirani wamezeeka wakizungumzia fidia. Kila kiongozi anaahidi. Mimi nauliza swali moja tu: ukishaurefusha, mama wa Maweni atafika Lamu mapema kwa dakika ngapi? Kama jibu ni sifuri, basi semeni ni mradi wa biashara, tutauunga mkono kama biashara. Msiuite usafiri wa wananchi.

Mwingine atasema: "Bei ni soko. Ndege si matatu. Nani atalipia ndege tupu?" Hili ni jibu la watu waliosoma, kwa hivyo nalijibu polepole.

Nenda Scotland. Kuna visiwa vinaitwa Orkney. Kati ya kisiwa cha Westray na Papa Westray ni kilomita 2.7 tu, na kuna ndege ya abiria inayoruka hapo tangu 1967. Inachukua dakika 2 hivi, ndiyo safari fupi ya ratiba kuliko zote duniani. Watalii huipanda wapate cheti na picha. Lakini haikuwekwa kwa ajili yao. Inabeba walimu, wagonjwa, wanafunzi, na serikali inachangia gharama kwa sababu wameamua kwamba kisiwa chenye watu wachache ni sehemu ya nchi. Kwao dakika 2 ni huduma. Kwetu dakika 30 ni tangazo.

Utasema Scotland ni matajiri. Haya, njoo Likoni. Pale Mombasa mtu wa miguu anavuka na feri bila kulipa hata senti. Asubuhi na jioni, maelfu kwa maelfu. Nani aliamua? Serikali hii hii ya Kenya. Iliamua kwamba mtu wa Likoni asikatwe na mji wake kwa sababu ya maji. Kwa hivyo wazo hili si geni wala si la Wazungu. Tunalo hapa hapa, tunalitumia kila siku, ila mtu wa kaskazi ya pwani hajawahi kupewa lake.

Au twende Kilifi, karibu zaidi. Wazee wenu watawaambia habari za feri ya Kilifi na Mnarani, foleni, kulala kwenye gari. Mwaka 1991 daraja likafunguliwa. Tangu siku hiyo Mombasa ilisogea. Kwa nani? Kwa kila mtu. Kwa mwenye Mercedes, kwa kuli wa lori la maembe, kwa mgonjwa, kwa mwanafunzi aliyebeba sanduku la bati. Malindi hadi Mombasa angani ni kama kilomita 105, barabarani ni kama 120, na kabla ya 1991 ndege ilikuwepo pia. Haikumsogeza mtu wa kawaida hata hatua moja. Daraja ndilo lililosogeza. Sasa hivi kinachoturudisha nyuma ni Mtwapa, pale unapokaa kwenye msongamano mpaka unajua majina ya wauza njugu wote. Lakini hata Mtwapa tunajua dawa yake ni barabara pana. Hakuna mjinga aliyewahi kusema, "Mtwapa imejaa, lakini musijali, kuna ndege."

Mbona kwa Lamu tunasema?

Na Dar na Zanzibar je? Ndege ni kama dakika 20. Lakini mtu wa Zanzibar hakutajii hiyo ukimuuliza, anakutajia boti, kama saa 2, na boti zenyewe zinaondoka mara kadhaa kwa siku. Pale ndege ni hiari. Ukikosa ndege hujakosa safari. Sisi tuna bahari ile ile kutoka Malindi hadi Lamu, na tuna watu walioijua bahari hiyo kabla ya mtu yeyote kuja na nguzo. Nionyesheni boti ya abiria ya ratiba ya kutegemewa kati ya miji hii miwili. Nangoja.

Kenya pia inajua ndege inaweza kuwa ya mnyonge ikitaka. Madaktari wa kuruka wa AMREF walianza 1957, wakati wengi wa babu zetu hawajawahi kuona gari karibu. Ndege iliwekwa kwa sababu mtu yuko mbali, si kwa sababu mtu ana pesa. Kwa hivyo musiniambie haiwezekani. Niambieni hatujataka.

Wa tatu atasema, na huyu ndiye ninayemuogopa, kwa sababu ni mimi: "Lakini hakuna aliyekudanganya. Ungeuliza kwanza." Kweli. Ningeuliza. Lakini niwaulize nyinyi, ni namba ngapi mnabeba kichwani ambazo hamjawahi kuziuliza? Namba ikirudiwa mara elfu inakuwa kama hewa. Mimi niliirudia kwa pesa. Nilikuwa nimelipwa kuisema, halafu siku ya siku nikaiamini bure.

Kwa hivyo nina ombi kwa wenzangu wa kamera, kuanzia Watamu, Kilifi, Malindi mpaka Amu. Ukitaja muda wa ndege, taja vitu vitatu pamoja nao. Taja mlango kwa mlango ni saa ngapi. Taja inaondoka siku zipi za wiki. Taja nauli. Havizidi sekunde 10 za video yako. Hoteli ikikataa, jua wanachonunua kwako si habari.

Na kwa viongozi wetu wa Kilifi na Lamu, kaunti zote mbili: mkija tena na "dakika 30", sisi tutauliza basi la alfajiri lenye uhakika liko wapi. Tutauliza boti iko wapi. Tutauliza, kama ndege ni usafiri wa umma, viti viwili vya dharura kwa bei ya basi vitapatikana lini, kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Viti viwili. Sijasema mumpe kila mtu ndege.

Nilisema nitaeleza kwa nini video sijaifuta. Nilitaka kuifuta usiku ule ule tuliporudi. Mama ndiye aliyenizuia. Sikujua hata kama anajua naumwa na hilo. Aliniambia, "Ukiifuta watabaki na zile za wengine. Iache, lakini iseme kweli."

Basi iko pale pale, mimi na miwani yangu na kicheko changu. Nimebadilisha maelezo ya chini tu. Sasa yanasomeka hivi: "Malindi–Lamu: dakika 30 angani, siku ndege ikiwepo, nauli ikiwepo. Ukipigiwa simu ya msiba, panda basi."

Ikiwa nawe ulichelewa mahali kwa sababu uliambiwa ni karibu, niandikie. Niambie ulitoka wapi, saa ngapi, ukafika saa ngapi. Zile za kweli, mlango kwa mlango. Nataka nizikusanye mpaka ziwe nyingi kuliko matangazo yao.